Msiba wa Mbwa Aliye Hai

Mliniacha kwenye ngazi za jengo letu, mkono mmoja nimebeba mtoto wa mbwa, mkono mwingine nimebeba viatu vyangu, na Bibi Stoyka mwenye nyumba amesimama juu yangu akitoa hukumu.

Kwa anayeingia leo, nitajieleza upesi. Naitwa Lyuben. Nilisomea ualimu, nikapelekwa shule ya kijijini, ikafungwa kabla sijaizoea chaki, kwa sababu watoto walikuwa wamekwisha. Nikaja hapa mjini Ruse. Kazi niliyopata ni ya kupanga matangazo ya msiba katika duka dogo karibu na kituo cha basi. Picha juu, jina katikati, majonzi chini, fremu nyeusi kuzunguka.

Mwezi uliopita, asubuhi ya mvua, nilikuta boksi mlangoni pa duka. Ndani mlikuwa na mtoto wa mbwa, jike, sikio moja jeupe, moja la kahawia, analia. Nikajiuliza ni binadamu gani anaweza kutupa kiumbe mchanga namna ile. Sikuingia kwanza kazini. Nilimfunika kwa koti langu, nikarudi naye nyumbani na boksi lake, nikampa maziwa, ndipo nikaenda kazini. Alijikunja akalala kama kifla, ule mkate mdogo tunaokula asubuhi. Nikamwita Kifla.

Wiki kadhaa nilimficha mwenye nyumba asimwone. Wiki iliyopita Bibi Stoyka akamkuta ndani ya kiatu chake.

Hukumu yenyewe ilikuwa fupi. Jumamosi mbwa atoke. Asipotoka, tutoke wote wawili, na mimi nifagie ngazi kabla sijaondoka.

Sikuwa na mahali pengine pa kwenda. Duniani nilikuwa na vitu viwili, chumba na Kifla, na sasa niliambiwa nichague kimoja.

Nilikwenda uwanjani kuomba ushauri.

Uwanja wetu ni majani yaliyo nyuma ya jengo la zamani la boila, mtambo wa kupasha nyumba joto, kati ya maghorofa. Asubuhi na jioni wenye mbwa hukutana pale. Karibu mwaka mzima nilikuwa nimeishi mtaa ule bila mtu kunipa hata habari za asubuhi. Siku niliyotokea na Kifla nilisalimiwa na watu wote, na mmoja akaniuliza kama choo changu ni kizuri. Alimaanisha cha Kifla.

Uwanjani hakuna mtu mwenye jina lake. Kuna Mama Bruno, anayeshona mapazia nyumbani kwake, na mbwa wake Bruno ni mkubwa kama ndama na anaogopa njiwa. Kuna Baba Aksel, aliyeendesha winchi bandarini mpaka alipostaafu, na Aksel wake ni mbwa mrefu wa miguu mifupi ambaye kazi yake ni kuchimba. Mimi nikawa Baba Kifla. Nasema kweli, sijawahi kupewa cheo kilichonifurahisha kama hicho.

Mama Bruno ndiye aliyekuwa akimlea Kifla mchana nikiwa kazini, bila kudai chochote. Alisema Bruno anahitaji mtu wa kumpa ujasiri.

Niliwaeleza habari ya Jumamosi. Mama Bruno akasema angemchukua moja kwa moja, ila mumewe alishamwambia kwamba akiingia mbwa wa pili, yeye anatoka. Alikaa kidogo akifikiri, kama mtu anayepima kitambaa, kisha akasema hapana, mume bado anamhitaji kupandisha mapazia.

Baba Aksel akasema suluhisho ni tangazo. Liwe na picha. Watu hawapendi maandishi, wanapenda uso.

"Na wewe kazi yako ni nini?" akaniuliza.

"Kupanga matangazo."

"Basi unatulilia nini hapa?"

Mimi ni mtu ninayeamini kwamba binadamu wote ni wema, wakielezwa jambo vizuri. Nikaondoka pale nimepona kabisa.

Mzee Tsonko, bosi wangu, alinikubalia nitumie mashine baada ya kazi, kwa sharti moja. Nisiguse karatasi mpya. Nichukue zile zilizoharibika, zilizorundikwa chini ya meza. Nikazitazama. Zote zilikuwa zimeshachapwa fremu nyeusi.

Nilimwambia zina fremu.

"Fremu ndiyo inayomsimamisha mtu," akasema bila kuinua kichwa. "Tangu nifungue duka hili, sijaona aliyepita fremu yangu bila kusimama."

Nikaona ni hoja ya maana. Ukishinda na fremu nyeusi kila siku, jicho huacha kuiona, kama mwokaji anavyoacha kuona unga kwenye nguo zake. Nikaweka picha ya Kifla juu, katikati, ndani ya duara, kama ninavyoweka zote. Jina likafuata kwa herufi kubwa. Chini nikaandika kwamba ni mpole, ana furaha, hajawahi kumuumiza mtu, na anatafuta familia itakayompenda. Mwisho nikaandika jina langu, jengo letu na ghorofa ninayokaa.

Nilisoma mara kadhaa nikitafuta kosa. Halikuwepo.

Jioni ile nikabandika kwenye milango ya majengo, kwenye nguzo ya kituo cha basi, na kwenye miti ambako watu hubandika matangazo yetu ya msiba. Nilichagua nafasi nzuri kabisa, katikati ya wafu wa wiki hiyo. Pale ndipo kila mtu hutazama.

Kesho yake asubuhi na mapema nilimpeleka Kifla kwa Mama Bruno, nikaenda kazini nikiwa na matumaini.

Niliporudi alasiri nilimkuta Baba Aksel amesimama mbele ya jengo letu. Alikuwa amevaa koti la suti. Aksel alikuwa na utepe mweusi shingoni. Baba Aksel akanipa maua mawili mekundu.

Kwetu mtu akikupa ua moja au matatu, anakupongeza. Akikupa mawili, kuna maiti.

"Baba Kifla," akasema, "jikaze."

Nikamuuliza nani amefariki.

Akanitazama kama mtu anavyomtazama mwenzake ambaye msiba umempanda kichwani.

"Mwanao," akasema.

Nilitoa simu nikampigia Mama Bruno. Haikupokelewa. Nikapiga tena. Haikupokelewa. Akilini nikaona gari, nikaona barabara, nikaona Kifla anamkimbilia njiwa ambaye Bruno anamkimbia. Baba Aksel akanikumbatia kwa nguvu zote za mtu wa winchi, na juu ya bega lake nikaona mlango wa jengo letu. Chini ya mlango mshumaa ulikuwa unawaka. Juu ya mshumaa kulikuwa na Kifla, ndani ya duara, ndani ya fremu nyeusi, akimtazama kila mpita njia kwa macho ya asiye na kosa.

Ndipo nilipoliona tangazo langu kama walivyoliona wenzangu.

Tangazo lenye fremu nyeusi halisomwi kwetu. Linaonwa tu. Unaona fremu, unaona uso, unasema "Mungu amsamehe", unakwenda zako. Nimelipwa mshahara kwa kazi hiyo, na bado sikuwa nimelijua hilo.

Nilijaribu kusema. Lakini uso wangu ulikuwa umebanwa kwenye suti ya Baba Aksel, na maneno "yuko hai" yakaingia kwenye kitambaa. Yeye akanipigapiga mgongoni akasema nilie tu, hata yeye alilia Aksel wa kwanza alipokufa. Kisha akanishika mkono akanipandisha ngazi.

Mlango wa Bibi Stoyka ulikuwa wazi. Ndani mlikuwa na majirani ambao sikuwahi kusikia sauti zao. Bibi Stoyka mwenyewe alikuwa amefunga kitambaa cheusi kichwani, na mezani kulikuwa na bakuli la ngano ya kuchemsha yenye sukari, ile tunayogawa kwa ajili ya marehemu. Aliponiona akachota kijiko, akanitia mdomoni kabla sijafungua mdomo kwa sababu nyingine.

"Sema Mungu amsamehe," akaniambia.

Nikasema, kwa kadiri ngano ilivyoniruhusu.

Alikuwa amelia. Bibi Stoyka, ambaye wiki iliyopita alimwita Kifla panya aliyevimba, alikuwa na macho mekundu. Akawaeleza majirani kwamba mbwa yule amekufa kwa uchungu, kwa kuwa amesikia anafukuzwa. Mbwa huelewa kila kitu, alisema. Alikuwa amemwona siku ile kwenye ngazi alivyoinamisha sikio jeupe.

Nikameza. Nikasema, "Bibi, kuna jambo."

Akanitia kijiko cha pili.

"Ningejua ningemwacha akae, mwanangu," akasema. "Nakuapia kwa kaburi la marehemu mume wangu, na hawa wote ni mashahidi. Angekuwa hai sasa hivi, angelala jikoni kwangu, hapo karibu na jiko, mpaka azeeke."

Msomaji, fikiria hali yangu. Mashahidi walikuwepo na kiapo kilikuwa kimetoka. Kilichobaki ni mimi kumeza ngano na kusema maneno mawili tu, nami ningekuwa na chumba na Kifla, vyote viwili, kabla ya Jumamosi. Imani yangu juu ya binadamu ilikuwa imethibitishwa mbele ya bakuli.

Nikameza. Nikavuta pumzi.

Mlango ukagongwa.

Aliyeingia alikuwa mzee mfupi, kofia mkononi, viatu vimelowa matope ya mashambani. Kwa mkono wa pili alishika tangazo langu. Alikuwa amelibandua kwenye mti taratibu, gundi bado imo kwenye pembe zote. Akauliza kama hapa ndipo kwenye msiba wa mbwa mwenye sikio jeupe. Akasema anaitwa Sabi, anakaa ng'ambo ya reli, na anaomba radhi kwa kuingia bila kualikwa.

Bibi Stoyka akampa kiti na ngano.

Mzee Sabi hakula. Alikaa, akaiweka picha kwenye goti, akaeleza polepole. Mbwa yule alizaliwa nyumbani kwake, mtoto wa mwisho wa mbwa wa mkewe. Mkewe alikuwa tayari yuko kitandani. Alimshika kabla macho yake hayajafunguka, akamwita Zorka, na kabla ya juma kwisha mkewe akafariki. Baada ya hapo Mzee Sabi alimbeba Zorka kila alikokwenda, kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumwachia.

"Nilikuja mjini kumchapishia mke wangu tangazo la arobaini," akasema. "Mvua ilikuwa inanyesha. Ndani ya duka haifai kuingia na mbwa, kuna watu wana misiba yao. Nikamwacha kwenye boksi, mlangoni, chini ya paa. Nilipotoka, boksi halikuwepo."

Mimi nilikuwa nalikumbuka tangazo la mkewe. Rusanka, herufi kubwa. Mama mwenye kitambaa cha maua, anacheka kwenye picha. Nilimpanga mwenyewe mchana ule ule, nikasahihisha alama moja ya mkato, na nikasikitika kwa moyo wote kwa ajili ya mume aliyebaki peke yake. Nyumbani kwangu, chini ya kitanda, boksi lake lilikuwa linanuka maziwa.

Baba Aksel akagonga meza.

"Mtu wa kumwibia mfiwa," akasema, "siku yake ikifika hata fremu asipewe."

Majirani wakakubali. Mmoja akaongeza kwamba mwizi wa namna hiyo hana mama. Bibi Stoyka akasema ana mama, lakini anamwonea huruma mama mwenyewe.

Kisha akaniwekea mkono begani. "Bahati yako, Mzee Sabi, ni huyu kijana wetu. Huyo mwizi alimtupa, huyu akamwokota. Alimpenda kama mtoto. Mwangalie alivyo, hata kusema hawezi."

Mzee Sabi akainuka. Akanijia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, mikavu na baridi.

"Basi alikufa kwa mtu mwema," akasema.

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Mnajua, nami najua. Lakini niliona jambo moja waziwazi, wazi kuliko lolote nililofundishwa chuoni. Nikisema yuko hai, ni wake. Nikinyamaza mpaka mzee aondoke, hakuna atakayenidai. Kifla atalala karibu na jiko mpaka azeeke.

Mdomoni sikuwa na ngano tena. Nilinyamaza kwa hiari yangu.

Mzee Sabi akauliza kama naweza kumwonyesha alipozikwa. Alitaka kufika tu, akae kidogo.

Bibi Stoyka ndiye aliyejibu. Alisema lazima nilimzika uwanjani, nyuma ya boila, pale alipopenda kucheza, na akachukua bakuli la ngano chini ya kwapa. Baba Aksel akachukua mshumaa. Majirani wakachukua makoti. Tukashuka ngazi, mimi mbele, kwa kuwa ndimi niliyekuwa najua njia.

Nilitembea nikitafuta kaburi.

Uwanjani majani yalikuwa yamelowa na hakukuwa na udongo uliofukuliwa mahali popote. Nilizunguka jengo la boila upande mmoja, nikarudi, nikazunguka wa pili. Msafara ukanifuata bila kulalamika. Nilimsikia jirani mmoja akinong'ona kwamba kijana hawezi kupatazama.

Aliyenisaidia alikuwa Aksel. Alifika chini ya ukuta, akanusa, akaanza kuchimba kama afanyavyo siku zote. Baba Aksel akamvuta kwa ukali, akavua kofia.

"Ni hapa," akasema. "Amemsikia."

Wote wakasimama. Mshumaa ukachomekwa kwenye kishimo cha Aksel. Bibi Stoyka akamwaga kijiko cha ngano juu ya udongo. Mzee Sabi akapiga magoti polepole, kwanza goti moja, kisha lingine, akaweka kiganja chini.

"Nilikuacha dakika moja," akauambia udongo. "Dakika moja tu, Zorka. Rusanka alinikabidhi wewe, na mimi nikakuacha kwenye mvua."

Nimepanga mamia ya misiba. Hakuna aliyewahi kuongea hivyo mbele yangu.

"Mzee," nikasema. "Inuka. Hayuko hapo."

"Najua, kijana. Yuko pema."

"Hayuko hapo kwa sababu hajafa. Sikuandika amekufa. Someni wenyewe. Na hakuna mwizi aliyemtupa. Boksi nililichukua mimi. Nilidhani ametupwa."

Baba Aksel akanishika mkono. Akawaambia wengine kwa sauti ya chini kwamba hata yeye, Aksel wa kwanza alipokufa, siku mbili nzima alimwekea chakula. Mtu asibishane nami. Bibi Stoyka akasema nahitaji kulala, akaanza kutafuta kijiko.

Mzee Sabi alikuwa bado amepiga magoti, lakini alikuwa amechukua lile tangazo, ameliweka karibu na macho, na midomo yake ilikuwa inatembea. Alikuwa anasoma. Nadhani ndiye mtu wa kwanza katika mji mzima aliyelisoma.

Alifika chini. Akarudi juu. Akainua kichwa akanitazama, na uso wake sikuweza kuusoma mimi.

Wakati huohuo, saa ya mbwa ilikuwa imefika.

Mama Bruno alitokea kwenye kona ya jengo la jirani, vipande vya uzi kwenye sweta lake. Cherehani yake ina kelele, simu haisikii, na matangazo ya ukutani hayatazami, kwa sababu macho yake yote huwa kwa njiwa. Mkono wa kulia alikuwa na Bruno. Mkono wa kushoto alikuwa na Kifla.

Bakuli la ngano lilianguka, likabiringika, likasimama.

Njiwa mmoja akaruka kutoka kwenye paa la boila. Bruno akarudi nyuma, Mama Bruno akavutwa naye, na kamba ya kushoto ikamtoka mkononi.

Kifla akaja mbio kwenye majani, masikio yote mawili hewani. Kisha, katikati ya uwanja, akasimama. Alikuwa ameona watu wengi mno. Akanitazama mimi. Pua yake ikainuka, ikageuka taratibu, ikaelekea kwa yule aliyekuwa chini.

Mzee Sabi aliweka vidole viwili mdomoni kupiga mluzi. Midomo ilikuwa inatetemeka. Haikutoka sauti, ilitoka pumzi tu. Akajaribu tena. Kisha akashusha mkono.

Bibi Stoyka alikuwa ametazama mbwa, ametazama mzee, na sasa alikuwa ananitazama mimi, mkono mmoja juu ya kitambaa chake cheusi, kama mtu aliyeapa kwa kaburi na anakumbuka kila neno.

"Midomo yangu haifanyi kazi," Mzee Sabi akaniambia. "Mwite wewe."

Nikafungua mdomo. Majina yalikuwa mawili, na mbwa yule alikuwa amesimama kwenye majani yaliyolowa, mguu mmoja juu, akisubiri asikie lipi.